Solo Iliyorukwa

Kama hujawahi kumsikia Aleixo Furtado akisimulia solo yake ya gitaa, basi wewe hualikwi popote. Kule North York, Toronto, kwenye arusi, kwenye ubatizo, hata kwenye chai ya baada ya mazishi, lazima mzee Mujtaba, rafiki yake mpenda kantri aliyetokea Mombasa, angemtupia lile swali: "Aleixo, hivi ile solo ilikuwaje?" Na Aleixo, ambaye alikuwa akilisubiri swali hilo tangu avae viatu nyumbani, angeweka sahani ya sambusa chini polepole, angefuta vidole, kisha angeinua macho darini.

"Ee bwana," angesema. "Nikwambie nini mimi?"

Halafu angemwambia yote.

Solo hiyo aliipiga Nairobi, mwaka wa sabini na moja, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, nywele nyingi, suruali pana ya kufagia barabara. Bendi yao iliitwa Juja Road Wranglers: vijana watatu wa Kigoa pamoja na mwimbaji wao Ashif, wote chini ya kofia za kikauboi zilizoshonwa na fundi mmoja wa Ngara ambaye hajawahi kumwona kauboi hata kwenye kalenda. Ijumaa walipiga roki, Jumamosi kantri, na Jumapili asubuhi wale Wagoa watatu walikuwa kanisani wamenyoosha shingo, maana mama zao hawakutaka mchezo. Aleixo alipiga lile gitaa la kulaza mapajani, la kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka lilie kama mtu aliyeachwa. Wakajichangachanga, wakarekodi santuri yao moja na ya pekee. Wimbo wa upande wa kwanza uliitwa "Nisubiri Voi". Ni kantri ya Kiswahili, polepole, ya kucheza wawili wawili, kuhusu jamaa aliyemo ndani ya gari moshi lililochelewa, anamwomba mpenzi wake asiondoke stesheni. Baada ya ubeti wa pili ndipo solo ilipokaa.

"Niliipiga nimefumba macho," Aleixo angesema. Mwaka wake wa kwanza Toronto alisema hivyo tu, basi. Baada ya miaka kumi, fundi wa studio alikuwa ameanza kulia. Baada ya ishirini, akatokea Mzungu mmoja wa kutoka Marekani aliyekuwa akipita nje, akaisikia dirishani, akasimamisha gari katikati ya barabara. Kufikia mwaka jana yule Mzungu alikuwa ameshapata jina, kofia, na mke aliyezimia.

Sasa utauliza, kwa nini Toronto nzima hakuna aliyewahi kuisikia? Hapo Aleixo angeshusha pumzi na uso ungemjaa huzuni. Mkwaruzo! Santuri yake, nakala pekee iliyovuka bahari, ilikwaruzika ndani ya sanduku walipohamia huku mwaka wa sabini na nne. Na mahali penyewe ni pale pale! Sindano ikifika mwisho wa ubeti wa pili, Ashif anakwama: nisubiri, nisubiri, nisubiri, mpaka mtu aitikise gramafoni, na hapo sindano inairuka solo yote na kutua kwenye ubeti wa mwisho.

Huko kukwama ndiko kulikompa Aleixo ukubwa. Krismasi ya kwanza kabisa, ndani ya ukumbi wa kanisa wenye sakafu ya mbao, santuri ilipokwama wachezaji walikereka wakapiga mguu chini kwa pamoja, puu! Sakafu ikatikisika, sindano ikaruka, dansi ikaendelea. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Krismasi iliyofuata wakapiga makusudi. Basi ikawa desturi: nisubiri, nisubiri, nisubiri, puu! Bibi harusi asiyepigiwa Voi alijiona kama hajaolewa vizuri. Wajukuu waliozaliwa Mississauga, ambao ukiwasemesha kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza na hawajui Voi ni mji au ni ugonjwa, nao walipiga mguu kwa nguvu zote pamoja na bibi zao. Aleixo mwenyewe ndiye aliyebeba gramafoni na santuri kwenda kila sherehe, mikono imevaa glavu nyeupe. Mtu akiomba kuinakili kwenye kanda, alikataa katakata. Watu walidhani ni mapenzi ya muziki.

Haya, sasa tuseme ukweli, maana yeye hakuwahi kuusema.

Solo ilikuwa mbovu. Wala si ule ubovu wa kawaida wa kuvumilika. Alianza vizuri kidogo, halafu kile chuma kikamponyoka, kikaangukia nyuzi, gitaa likatoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Akakiokota, akarudi kwa pupa, akatua kwenye nyuzi zisizohusika, na muda wote uliobaki alikuwa akiutafuta wimbo kama anavyotafuta miwani yake asubuhi. Saa yao ya studio ilikuwa imekwisha na bendi nyingine inabisha hodi. Fundi akasema, "Imetosha, tokeni," na santuri ikatoka hivyo hivyo. Nairobi nzima iliyomjua ilimwita Paka mpaka siku alipopanda ndege.

Toronto hakuna aliyemjua Paka. Wale Wranglers wengine walitawanyika, huyu Lisbon, yule Goa, na Ashif alikwenda Leicester, akafia huko huko. Basi asubuhi moja ya baridi kali, mke yuko kazini, Aleixo alichukua pini akaikwaruza santuri yake mwenyewe, taratibu, amekaza midomo kama mtu anayetoa mwiba. Kisha akaishi kwa raha zake.

Kuhusu mkewe Edwina hakuwa na wasiwasi. Ni kweli alikuwa dada wa mpiga ngoma wa Wranglers, na wakati huo alikuwepo Nairobi, msichana wa miaka ishirini. Lakini Edwina ni mtu wa kutafuta ufunguo ulio mkononi mwake. Tena kwa miaka yote hiyo ya kusikia habari za Mzungu aliyesimamisha gari hakuwahi kutia neno, anaendelea tu kufuma sweta lake. Hilo lingemtisha mume mwenye akili. Aleixo halikumtisha.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, akiwa jikoni anamenya viazi, simu ikalia. Alikuwa Gakii.

Gakii ni mwanamke wa Meru wa miaka arobaini hivi. Siku za kazi anapanga mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na siku za mapumziko anajifungia kwenye chumba alichopanga Rexdale, anatafuta santuri za zamani za roki na kantri zilizorekodiwa Afrika Mashariki, anazisafisha sauti, anazitoa upya kwenye CD. Watu walimuuliza, kwa nini CD, wakati siku hizi muziki wote umo kwenye simu? "Wateja wangu," aliwajibu, "wana magari ya zamani, na simu zao wanaozifungua na kuzifunga ni wajukuu." Mapenzi ya kantri aliyatoa nyumbani. Baba yake alifuga ng'ombe kweli, kwa hiyo kila Jumapili redio ikipiga nyimbo za makauboi aliona kabisa kwamba anaimbiwa yeye.

"Anko Aleixo! Nina habari, keti kwanza."

"Niko sawa nimesimama."

"Nimepata 'Nisubiri Voi'! Kopi safi kutoka Nairobi. Haina mkwaruzo!"

Kiazi kilimchomoka Aleixo mkononi, kikabingirika hadi chini ya friji.

"Hata mmoja?"

"Hata wa dawa! Anko, watu watasikia ile solo! Natoa CD mwezi wa tatu, tunaizindua ukumbini Jumapili baada ya misa ya mchana. Wewe unakaa mbele kabisa."

"Mungu mkubwa," alisema Aleixo, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ana mawe kwenye figo.

Nyumbani kwao Kiingereza kilikuwa cha benki na daktari, Kikonkani, lugha ya Goa, cha sala na kuwataja marehemu, na Kiswahili, kile chao cha Nairobi, kilikuwa cha jikoni, cha kuteta, kutaniana na kudanganyana. Kwa hiyo Edwina alipouliza toka sebuleni kwa Kiswahili, "Nani huyo?" Aleixo akajibu kwa Kiswahili, "Gakii. Anasalimia tu."

"Aa," alisema Edwina. Sindano zake za kufuma hazikusimama hata kidogo.

Wiki mbili zilizofuata Aleixo alishinda chini kwenye chumba cha kufulia nguo, gitaa mapajani, anafanya mazoezi. Alikuwa amepata wazo, na wazo lenyewe lilimpendeza sana. Siku moja akalifunga gitaa ndani ya shuka yenye maua, akapanda treni, akapanda basi la barabara ya Kipling, akasafiri nalo mpaka Rexdale amelikumbatia. Mama mmoja akampisha kiti akidhani amebeba mgonjwa.

Chumba cha Gakii kilikuwa nyuma ya gereji ya matairi, maboksi ya CD yamepanda mpaka dirishani. Kulikuwa na gramafoni, mashine ya kuoshea santuri, na kompyuta inayoonyesha sauti kwa mistari, inapanda na kushuka.

"Karibu, Anko. Na hiyo shuka?"

"Gitaa."

"La nini tena?"

Hotuba yake Aleixo alikuwa ameitunga njiani. "Binti yangu, wewe ni fundi, na kazi yako naiheshimu. Siku zile nilikuwa kijana, vidole vibichi. Sasa vimekomaa. Nimeona, kwa faida ya wateja wako, niipige ile solo upya hapa hapa. Wewe unaichomeka pale katikati. Nani atajua?"

Gakii alimtazama, akaitazama shuka yenye maua, akamtazama tena.

"Umeshaisikia?" aliuliza Aleixo, sauti imeshuka.

"Nimeisikia."

"Na?"

"Ni solo ya peke yake, Anko." Alisema hivyo bila kupepesa macho, na tumpe heko zake.

"Basi kwa nini tusiiondoe?"

"Hapana." Gakii akavuta kiti akaketi mbele yake. "Sikiza, Anko. Vumbi naondoa. Mikwaruzo naondoa. Ile sauti ya mafuta yanayokaanga samaki, naondoa. Lakini kilichopigwa studio siku ile kimepigwa. Nikianza kuwatengenezea watu makosa yao ya mwaka wa sabini na moja, sitoi tena rekodi ya zamani. Natoa uongo mpya."

"Uongo mdogo tu."

"Wa solo nzima?"

"Basi tumia santuri yangu, ile iliyokwaruzika! Watu wameizoea. Hiyo ndiyo historia yenyewe!"

"Anko, watu wanataka kujua chini ya huo mkwaruzo kuna nini. Miaka hamsini umewaambia ni dhahabu." Hapo Gakii akashindwa, akacheka kidogo, kisha akamnyooshea zile spika za kuvaa masikioni. "Hebu isikilize kidogo. Humo ndani kuna kitu nafikiri umekisahau."

"Sijasahau kitu mimi," alisema Aleixo, na akaanza kulifunga gitaa lake kwa hasira, shuka ikamkatalia mara mbili. Mlangoni akageuka. "Nani aliyekupa hiyo santuri?"

"Mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye subira," alisema Gakii, na zaidi ya hapo hakumpa kitu.

Njia nzima ya kurudi Aleixo aliwapitia maadui zake kichwani. Alikuwa na wachache, tena wengi wao marehemu. Akamshuku Mujtaba, akamshuku padri, akamshuku hata fundi wa studio, ambaye kama yu hai ana miaka mia. Mkewe hakumpitia akilini.

Ikafika Jumapili yenyewe. Aleixo hakuamka.

"Goti," alisema kutoka chini ya blanketi.

"Goti lipi?" aliuliza Edwina.

"La kushoto."

"Jana lilikuwa la kulia."

"Limehamia."

"Basi likihamia kwenye sikio uniambie. Amka, shati lako nimepiga pasi." Edwina alikuwa amevaa gauni la buluu la kwendea sherehe na amepaka rangi ya mdomo. Alikuwa akiimba kwa chini chini. Aleixo alimtazama akaingiwa na simanzi. Maskini mke wangu, aliwaza, hajui kwamba leo jioni atakuwa mke wa Paka.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo Wagoa wa Mombasa, wa Kampala, wa Dar, wajukuu, na familia mbili tatu za Wakongo kutoka kwaya waliokuja kwa ajili ya chakula wakakaa kwa ajili ya dansi. Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na kila mtu aliingia na tope. Jukwaani, juu ya meza ya miguu myembamba, Gakii aliweka mashine ya CD ya kanisa, mzee mwenzao. Akashika kipaza sauti, akawasalimu, akasema, "Leo hamna gramafoni wala mkwaruzo. Leo mtasikia 'Nisubiri Voi' yote, na solo ya Anko wetu!"

Watu walishangilia. Mujtaba akasimama juu ya kiti kabisa, mzee mzima, anapiga mluzi. Aleixo alitabasamu kwa meno yote, na chini ya shati jasho jembamba linamtiririka.

CD ikaanza. Loo! Kwa miaka yote waliyoijua, sauti ya Ashif ilikuwa ya mtu anayeimba nyuma ya mlango, nje kunanyesha. Sasa alikuwa pale pale mbele yao, kijana, unasikia hata anavyovuta pumzi kabla ya mstari. Kwa muda mfupi Aleixo alisahau hofu yake yote. Alimkumbuka Ashif na kofia yake iliyokuwa kubwa mno, akamtamani arudi hata kwa saa moja. Macho yalimlowa, na hakuona haya.

Edwina akamshika mkono. "Njoo tucheze."

Wakacheza. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaja. Aleixo akaanza kuwaza azimie au ajidai kuzimia, na kama ataangukia kulia, kwenye meza ya keki, au kushoto, kwa jirani yake mnene.

*Nisubiri*, akaimba Ashif, mara moja tu, safi, bila kukwama.

Na ukumbi mzima, midomo imeshafunguka kwa mazoea, ukamalizia wenyewe kwa kelele: "Nisubiri! Nisubiri!" Puu!

Meza ya miguu myembamba iliruka. Mashine ikatoa mlio wa kwikwi, tik-tik-tik, ikanyamaza, kisha ikatua kwenye ubeti wa mwisho.

Kwanza walishangaa. Halafu wakalipuka kwa kicheko.

"Hapana, hapana!" Gakii alikimbilia jukwaani. "Mmeiruka solo! Narudia. Tafadhalini, msipige miguu!"

Akarudia. Wote wakaapa kutulia. *Nisubiri*, akaimba Ashif, "Nisubiri! Nisubiri!" Puu! Tik-tik-tik. Ubeti wa mwisho.

"Jamani!"

"Si mimi, ni mguu!" alilalamika mama mmoja wa Kampala.

Mara ya tatu Gakii aliiinua mashine akaishika kifuani kama mtoto. Lakini jukwaa lilikuwa la mbao na yeye alikuwa amesimama juu yake, na puu ya mara hiyo ilikuwa ya watoto waliokwisha kuonja utamu wa kumkera mtu mzima. Mashine ikaruka, na Gakii akaruka nayo. Hapo akanyanyua mikono, akakubali yaishe.

Aleixo alijiona amezaliwa upya. Akapanda jukwaani bila goti lolote kumuuma, akachukua kipaza sauti. "Mnaona ndugu zangu?" alisema. "Kuna vitu vikubwa mno, haviwezi kuingia kwenye mashine!" Akapigiwa makofi. Kisha alicheza na kila bibi aliyekuwa na nguvu za kusimama, akala sambusa bila idadi, na akampa yule Mzungu wa hadithi yake na dereva. Watu walipanga foleni kununua CD na yeye akazitia saini moja moja, kwa mkono wa madaha.

Ilikuwa ni huko nje, kwenye maegesho, amekaa garini akifunga mkanda, ndipo akili ilipomrudia. Alitazama kupitia kioo. Magari yalikuwa yamejipanga pande zote, ya zamani kama wenyewe, na ndani ya kila gari kulikuwa na mtu anahangaika kufungua karatasi ya plastiki ya CD kwa kucha na kwa meno.

Kwenye gari hakuna wa kupiga mguu.

"Edwina," alisema. "Twende zetu. Barabara zitaganda."

Edwina ndiye aliyekuwa kwenye usukani, maana Aleixo macho yake hayafai tena. Hakuwasha gari. Alifungua mkoba, akatoa CD, akaitia.

"Edwina, kichwa kinaniuma."

"Kitapoa tu."

Ashif akaimba tena, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. *Nisubiri*. Solo ikaanza, vizuri kidogo, halafu ule mlio ukaja. Yallah, ulikuwa mbaya kuliko alivyoukumbuka! Aleixo alifumba macho. Na ndani ya giza hilo, baada tu ya mlio, akasikia kitu kingine.

Msichana alicheka.

Kilikuwa kicheko cha juu, kimemtoka bila ruhusa, kikakatika kama amejiziba mdomo kwa kiganja, kisha kikamtoka tena. Halafu gitaa likaendelea, likipotea njia, likirudi, likipotea, mpaka Ashif akaja kuliokoa.

Aleixo alifumbua macho. Kicheko hicho alikuwa amekisikia jana wakati maziwa yalipofurika, na juzi, na maisha yake yote.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi." Edwina alikuwa anatazama mbele, machozi yanamshuka na anatabasamu. "Kaka aliniweka kwenye kiti karibu na mlango, akaniambia nisithubutu hata kukohoa. Wewe ukaangusha chuma. Ukanitazama mimi. Si fundi, si Ashif, mimi! Uso umekuiva kama nyanya. Halafu ukaendelea kupiga. Vibaya, Aleixo, vibaya jamani! Nikajisemea, huyu kichaa ndiye wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka tuisikilize pamoja, hapa kwetu kupya, nikuonyeshe. Nikatoka kazini siku moja nikaiweka, nikakuta mtu ameikwaruza."

"Ulijua ni mimi?"

"Ile pini uliirudisha kwenye kikapu changu cha kushonea, imepinda."

Aleixo alijifungua mkanda, akageuka kumtazama vizuri.

"Nilikasirika sana," alisema Edwina. "Halafu wakaanza kupiga miguu, nawe ukawa unabeba gramafoni yako na glavu zako, unafurahi kama mtoto. Nikaona nikisema nitakuvunja moyo. Halafu akaja huyo Mzungu wako na gari lake, nikataka kuona atafika wapi." Akajifuta macho kwa ncha ya shali. "Lakini sasa masikio yananiishia. Nilitaka nikisikie kile kicheko tena kabla hayajafunga. Nikamwomba binamu yangu Nairobi aisake hiyo santuri, nikampa Gakii."

Aleixo aliona aibu, na safari hii ilikuwa aibu ya kweli. Ile ya Paka ilikuwa upuuzi. Alikuwa amechukua pini akaufuta ujana wa mkewe ili kuficha kidole chake kilichoteleza, na mkewe amekaa nusu karne anafuma pembeni yake. Alimshika mkono, akaubusu, akashindwa kuuachia.

Nje, kicheko kilikuwa kimeanza kwenye gari moja, kikaingia la pili. Watu waligonga usukani, mtu akapiga honi. Halafu Mujtaba huyo, anakuja mbio kwenye tope, koti halijafungwa, anagonga kioo kwa pete yake.

Aleixo alishusha kioo.

"Aleixo! Ndiyo hii? Hii ndiyo iliyomzimisha mke wa Mzungu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbovu, wallahi! Mbovu mno!"

"Mbovu kweli," alisema Aleixo. "Sasa rudi garini, irudishe nyuma kidogo, na mimi usinisikilize. Msikilize huyo anayecheka. Huyo ni mke wangu."